Betri Isiyoinama

4 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nitaziweka mwisho, nikizikumbuka. Leo nina jambo. Ningekupigia simu, lakini huko kambini unakofanyia kazi mpaka mtu apande kilima ndipo ipatikane, na wewe kupanda hupandi. Tena nyumba yetu kuta zake ni mbao, na shemeji yako yuko upande wa pili anasugua sufuria. Kwa hiyo nimekuja kwa jirani yangu mshonaji, naandikia juu ya meza yake ya kukatia nguo. Dereva wa lori linalowaletea mahitaji ameapa kuifikisha barua hii mkononi mwako, si kwa mpishi wenu.

Gari la muziki linanitia wasiwasi. Jumamosi tulipiga harusi kwenye ukumbi ule wenye ua wa kokoto. Mambo yalikuwa mazuri, watu wanacheza, bibi harusi kavua viatu. Lakini kila besi ikipiga, taa za mbele zinasinyaa. Besi ikinyamaza, zinafunguka. Ikipiga tena, zinasinyaa. Mpiga picha akanijia sikioni: "Mama Muziki, gari lako linasinzia. Hiyo betri ya nyuma ni ileile uliyonunua, au?" Akaondoka zake kula, mimi kaniachia mwiba.

Unajua kwa nini umenichoma. Yule dereva wangu wa kwanza alinitolea betri mpya akaniwekea mzoga wenye kibandiko kilekile, na wewe ndiye uliyegundua. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Sasa ufunguo wa lile sanduku la betri ya nyuma tunao watu wawili tu, mimi na mume wangu, ambaye ndiye dereva wangu sasa. Mimi sijajiibia.

Utasema muulize. Nimuulize nini? Kama hajaiba, nitakuwa nimemtukana. Kama ameiba, nitakuwa nimemwamsha. Ila nakuambia wewe tuliyetoka tumbo moja: nikithibitisha ni yeye, ndoa hii imekwisha, siku hiyohiyo. Mume asiye na kitu namweza. Mume mvivu nitamwamsha. Mume wa kufungiwa kabati kwa kufuli, huyo siwezi, na sitajifunza uzeeni.

Wewe ndiye fundi umeme wa familia. Niambie, taa zinasinyaaje kwa sababu ya besi?

Umekula? Hizo ndizo salamu.

Dada yako

*

11 Machi

Dada,

Nimekula, asante. Maharage, kama jana, na kama kesho.

Ngoja nikueleze taratibu, ili ukimkamata mtu shati umkamate kwa haki. Besi ni mlafi. Sauti ya mwimbaji, gitaa, kengele, hizo zinadonoa umeme kama kuku. Besi inabugia, tena kwa mkupuo: inapiga, inatulia, inapiga. Alternata, ile inayozalisha umeme pale mbele kwenye injini, ni bomba la maji. Linatoa kwa mwendo wake, halijali kama kuna wageni. Betri ya nyuma ni pipa ulilolikalisha karibu na jiko. Besi ikipiga, amplifaya inachota pipani. Besi ikitulia, bomba linajaza pipa. Pipa likiwa zima, taa zako za mbele hazitajua hata kama kuna harusi. Pipa likiwa bovu, kila mtu anakimbilia bombani kwa wakati mmoja, na taa nazo zinapata kiu.

Kusinyaa kidogo si dhambi. Gari limesimama, injini inazunguka polepole, alternata nayo inatoa kidogo. Mwambieni anayekaa kwenye usukani akanyage mafuta kidogo muone kama taa zinatulia.

Mita yangu iko kwenye droo ya kabati la jikoni, chini ya vitambaa. Injini ikiwa inawaka na besi inapiga, gusa pale nyaya nene zinapoingia kwenye amplifaya, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, usome namba. Halafu shemeji naye apime betri yenyewe, bila kuambiwa wewe umepata ngapi. Ukweli hauogopi kupimwa mara mbili.

Na iwekee betri alama yako, mahali ambapo mtu hatafikiria kutazama. Kibandiko kinabanduliwa, ulishaona. Simsemi mtu. Siku ya posa nilisema nililosema, sirudii.

Mdogo wako

*

19 Machi

Mdogo wangu,

Husemi mtu lakini umesema.

Alama nimeweka. Nilingoja shemeji yako atoke kwenda kunyolewa, nikashika spana mwenyewe, nikamaliza, nikarudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Ni wapi, sikuambii hata wewe. Karatasi ina miguu.

Sasa sikiliza. Badala ya nafuu, mambo yameharibika. Jana tulikuwa ufunguzi wa duka la viatu. Wimbo wa pili tu, amplifaya ikawasha taa yake nyekundu, kimya. Mshereheshaji kabaki barabarani anapiga kelele kwa mdomo mtupu kama muuza samaki. Tukawasha tena, besi mbili, kimya. Mwenye duka akaenda kuazima redio kwa kinyozi. Mimi sikupata pa kuazima uso wa kutazamia watu.

Tuliporudi nikatoa mita. Muziki ukiwa umezimwa, kwenye amplifaya nilipata kumi na tatu na pointi kidogo. Besi ilipopiga, ikaanguka kumi. Ikaanguka tisa. Namba inaruka kama imekanyaga kaa la moto. Nikamwita shemeji yako, nikampa mita, sikumwambia neno. Akafungua sanduku, akainama humo muda mrefu, mrefu kuliko inavyohitaji. Akasema, "Kumi na mbili na pointi saba."

Nikasema, weka besi. Akaweka. "Kumi na mbili na pointi saba," akasema. "Haishuki?" "Haishuki, mke wangu. Betri yako nzima kabisa."

Nimeona tisa kwa macho yangu haya. Yeye anaona kumi na mbili. Mtaa mmoja, gari moja, wimbo mmoja.

Kisha akanitazama kama mtu anayengoja aulizwe kitu. Sikumuuliza. Akafunga sanduku polepole, akanipa ufunguo wake. "Kaa nao wewe," akasema. Sasa niambie, mtu asiye na hatia anarudisha ufunguo kwa sababu gani?

Alama yangu nimeichungulia, iko palepale. Kwa hiyo betri ni ileile. Basi ameitoa utumbo akaniachia ganda? Inawezekana hiyo? Jirani mshonaji naye kamwona leo asubuhi kwenye duka la betri, kasimama anaongea na muuzaji, anaonyesha kwa mikono. Nyumbani hakusema alipita huko. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Dada yako

*

22 Machi

Kwa shemeji yangu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Sijawahi kukuandikia, na najua hukuwahi kuingoja barua yangu. Naiandikia gotini, ndani ya gari, nje ya ukumbi.

Dada yako hajambo mwilini. Moyoni sijui. Nikifungua boneti, anakuja kufagia hapohapo. Nikienda nyuma ya gari, anapata hamu ya kuongea na mimi, na akifika hana la kusema. Anatabasamu kwa meno tu. Nilidhani nimesahau siku fulani muhimu. Nimehesabu zote, sijasahau.

Najua wewe na yeye mnaandikiana. Dereva wa lori hajui kunong'ona. Siombi kujua mnasemaje.

Nina swali moja la kifundi. Mimi nilijifunzia barabarani, wewe ulijifunzia darasani. Mtu akikuta kwenye kazi yake kitu ambacho hakukiweka yeye, tena kinaharibu kazi, na anamjua aliyekiweka, akitoe kimyakimya au akiache palepale? Nilipita hata kwa muuza betri kumuuliza, akanicheka.

Nakungoja. Kazi ya tarehe mbili mwezi ujao ni kubwa.

Shemeji yako

*

29 Machi

Shemeji,

Kitu kisichowekwa na mkono wako, usikiguse. Mwenye nacho atakiulizia.

Mdogo wa mkeo

*

29 Machi

Dada,

Namba za shemeji haziwezekani. Sikia vizuri. Hakuna betri duniani inayobebeshwa besi ikasimama wima. Hata ikitoka dukani leo, ikichotwa lazima iiname kidogo, kisha ijinyanyue. Wewe mwenyewe ukitwishwa gunia, magoti yanasema. Mtu akikuambia besi imepiga na betri haikuinama hata nukta, ama hakupima, ama alipima kitu kingine, ama anakuambia unachotaka kusikia ili ufunge sanduku.

Kuna jambo jingine, na nilifikiri sana kabla ya kuliandika. Ameniandikia. Kwa adabu zake zote ameniuliza mtu afanye nini akikuta kwenye kazi kitu ambacho hakukiweka yeye, na anamjua aliyekiweka. Nadhani ameiona alama yako, na anatafuta ruhusa ya kuiondoa. Nimemjibu asiguse. Sasa jiulize, alama inamsumbua nini mtu ambaye hana mpango na betri?

Sikuambii umfukuze. Mume ni wako. Nakuambia tu kwamba mwenye moyo mweupe haulizi maswali ya kuzungukazunguka. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mdogo wako

*

7 Aprili

Mdogo wangu,

Ameondoka.

Siku ya ile kazi kubwa tuliaibika mbele ya ukoo mzima wa watu. Taa nyekundu, kimya, taa nyekundu, kimya, hadi wakacheza kwa kupiga makofi. Tulipofika nyumbani nikamwambia maneno yako kama yalivyo: hakuna betri isiyoinama, wewe hukupima, au umenidanganya. Akauliza, "Hayo ni maneno yako au ya ndugu yako?" Nikasema ni yangu.

Akakaa kitandani. Akasema, "Kuna kitu unataka kuniuliza?" Nikasema sina cha kuuliza, nina cha kusema, nacho ni kwamba mwizi simlishi. Neno lile nilikuwa nimelilea kwa wiki nzima, mdogo wangu, na lilipotoka lilitoka limenenepa.

Hakujitetea. Mimi nilijiandaa kwa ugomvi, nilikuwa nimejibu mpaka hoja ambazo hajazitoa. Akachukua shati mbili, akakunja ile ya kazini akaiacha juu ya kiti. Yuko kwa dada yake, yule wifi yangu wa karibu na kiwanda cha matofali. Nilijiambia, asiyejitetea ana kesi. Mchana ninajiambia hivyo vizuri tu.

Nimepata dereva mwingine. Mpole, anapiga mswaki sana. Sanduku la betri sijamfungulia, funguo zote mbili ziko shingoni mwangu kama hirizi. Na jana, nakuapia, wimbo wa pili, taa nyekundu. Kimya.

Mwizi ameondoka, wizi umebaki. Nieleze hapo, wewe mwenye darasa.

Chai ninapika ya watu wawili, kisha namwaga nusu.

Dada yako

*

20 Aprili

Dada,

Barua hii naandika mara mbili. Ya kwanza nimeichana.

Wiki iliyopita tuliambiwa mkubwa anakuja kukagua kambi. Msimamizi akampa mpakaji rangi wetu ndoo na bomba la kupulizia, akamwambia asibakize kutu hata moja. Huyu bwana naye ni mtiifu. Alipaka matangi, alipaka ngazi, alipaka jenereta yote, na alipofika kwenye betri yake ya kuwashia akavua nyaya, akapaka vichwa vya betri vikameremeta, akarudisha nyaya juu yake. Mkubwa kafika, jenereta haiwaki. Nikaitwa mimi.

Nikapima betri kwenye vichwa vyake, ncha kali za mita zikapenya hadi kwenye risasi: kumi na mbili na pointi saba. Nikawaambia washeni. Wakawasha, jenereta kimya, namba ikabaki kumi na mbili na pointi saba. Haikuinama. Nikahamisha mita nikaiweka kwenye vibano vya nyaya, upana wa kidole tu kutoka pale, wakawasha tena, namba ikaanguka kuzimu. Dada, nilikaa chini kwenye mchanga. Mkubwa akauliza kama naumwa.

Betri ile ilikuwa nzima na imeshiba, ila ilikuwa haifiki kwenye nyaya. Rangi ilikaa katikati. Pipa limejaa pomoni na kifuniko kimegongomelewa. Ndiyo maana haikuinama. Hakuna aliyekuwa anachota.

Shemeji alipima kwenye vichwa vya betri. Wewe ulipima kwenye amplifaya. Nyote wawili mlisoma vizuri. Mimi ndiye niliyesoma vibaya, na nilisoma hivyo kwa sababu tangu siku ya posa nilikuwa natafuta cha kusoma.

Sasa nakuomba unijibu kitu kimoja. Ile alama yako uliiweka wapi?

Nimemwandikia na yeye. Nimeomba radhi, kwa maneno machache, kwa sababu mengi yangekuwa ya kujipamba.

Mdogo wako

*

27 Aprili

Mdogo wangu,

Nilifungua vibano kwa spana, nikapaka vichwa vyote viwili rangi ya kucha, kuzunguka, mara mbili ili isichubuke. Nikangoja ikauke, nikarudisha vibano juu yake nikakaza. Nilijisifu. Nilisema, akibadilisha betri, hata akihamisha kibandiko, hatajua kwamba chini ya vibano kuna rangi. Mwanzoni taa zilisinyaa kidogo tu kama ulivyosema. Ni baada ya spana yangu ndipo kukawa kimya.

Barua yako nimeisomea kwa mshonaji nikiwa nimesimama. Nimerudi nyumbani nikachukua msasa, nikasugua hadi risasi ikang'aa, vidole vikatoka damu kidogo, na vilistahili. Nikawasha. Nikafungulia besi mpaka vikombe vya jirani vikaanza kutembea. Taa zilisimama. Amplifaya haikuzima.

Naelekea kwa wifi yangu sasa hivi.

Dada yako

*

1 Mei

Kwa shemeji yangu,

Radhi yako nimeipokea. Tuiache hapo, isije ikazoea kuombwa.

Ile rangi niliiona siku aliponipa mita. Inachungulia chini ya kibano, rangi ya zambarau iliyoiva. Niliinunua mimi, sokoni, alikuwa ameniambia anaipenda. Kwa hiyo nilijua ni nani, na ndani ya sanduku lile nilijua na kwa nini. Nilibaki nimeinama kwa sababu sikutaka kuinua uso kabla haujatulia.

Utaniuliza kwa nini sikusema. Fikiri ungekuwa wewe. Nikiifuta, nimechezea betri, alama imetoka, mwizi ni mimi. Nikiiacha, muziki unakufa na fundi aliyeshindwa kazi ni mimi. Nikisema nimeona mtego wako, basi nimekubali kwamba nilikuwa wa kutegwa. Nikamrudishia ufunguo ili aone sina haja nao. Akaona vingine. Nikakuandikia wewe, ukanijibu nisiguse. Nikatii. Unacheka? Mimi nilicheka, siku nyingi baadaye.

Nami nilikuwa na ukaidi wangu, sikatai. Harusi ya watu iliharibika mbele yangu na dawa yake naijua. Nilitaka aniulize. Swali moja tu, aniulize uso kwa uso kama mke anavyomuuliza mume, umefanya au hukufanya. Nilingoja mezani, nilingoja kitandani, nilingoja hadi nilipokuwa nakunja shati.

Amekuja. Amekuja na gari zima, akaliegesha mlangoni kwa dada yangu, akafungulia besi hadi kuku wakaingia ndani, ili nione taa hazisinyai. Akasimama pale kando ya taa, amejishika kiuno, analia. Taa niliziona. Nilimwomba azime muziki, maana tulikuwa hatusikiani.

Alisema betri imepona, turudi nyumbani. Nikamuuliza swali. Alivyojibu, akuambie mwenyewe akitaka.

Shemeji yako

*

8 Mei

Mdogo wangu,

Najua amekuandikia, na najua hakukuambia yote. Ndivyo alivyo, ananisitiri hata ninapokuwa sistahili.

Nilimwomba radhi mbele ya wifi yangu, sikujificha. Nilisema nimekosa, rangi ni yangu, neno la mwizi ni langu, nimekuja kulichukua. Wifi akatuletea chai, akachukua wanawe wote akatoka nao, hata yule anayenyonya. Nikadhani yamekwisha. Nilishaanza kutazama shati zake ziko wapi.

Akaniuliza hivi: "Kama ndugu yako asingegundua ile rangi, ungekuja?"

Nilifungua mdomo, kwa sababu jibu lilikuwa rahisi, ningekuja bila shaka, nilikuwa nakukumbuka. Kukumbuka nilikuwa namkumbuka kweli, chai ile unaijua. Lakini nikamtazama na neno halikutoka. Yeye akanimiminia chai, akanipunguzia sukari kama ninavyoipenda. Tulikunywa tukaimaliza. Aliponisindikiza akasema nifikirie wiki mbili, nije Jumapili itakayofuata, nije kwa miguu, gari nilipumzishe.

Nimefikiria wiki nzima. Nilimwamini betri ilipopona. Nilimwamini wewe uliposema. Ingekuwa haijapona, ningekuwa hapa na funguo zangu shingoni, nikimtafutia makosa mengine mtu ambaye hayupo. Nisingekuja. Ndilo jibu, mdogo wangu, limenichukua wiki kulikubali.

Mshonaji ananishauri nimwambie ningekuja. Anasema ndoa ni kama nguo, mishono haitazamwi ndani. Wewe najua utakuwa na lako pia, ndiyo maana nakuandikia sasa ili likukute nimeshakwenda. Tangu leo niandikie habari za maharage na za yule mpakaji rangi, kama hawajamfukuza. Habari za mume wangu usiniulize tena, na nikikuandikia mimi usinijibu. Nina mtu wa kumuuliza.

Jumapili nitatoka mapema, nitembee. Huenda nikirudi tutakuwa wawili, huenda nikarudi peke yangu na ikawa basi, na sitasema nimeonewa. Jibu ninalo, na si zuri. Nitampelekea hivyohivyo, kwa mdomo wangu.

Dada yako